Kabla Hujaandika Tarehe ya Shambulio la Usiku

Nilipoanza kutafiti mashambulio ya usiku ya ndege za Uingereza dhidi ya Ujerumani, kwa muda mrefu tarehe zangu zilipishana siku moja na za watafiti wengine. Nyaraka za Waingereza huandika 5/6 Machi 1943, nami nilikuwa nachukua namba moja na kuiacha ya pili. Wakati Kiswahili kinalo neno lake tayari: usiku wa kuamkia tarehe 6. Andika hivyo kila mara. Na kama ulikulia pwani, ambako wazee huhesabu siku tangu magharibi, jihadhari zaidi, maana usiku huo wao wangeuita wa Jumamosi na Waingereza waliuita wa Ijumaa.

Anza na usiku huohuo. Shabaha ilikuwa Essen, katika bonde la Ruhr, ambako moshi wa viwanda uliwafumba macho marubani miaka mingi. Safari hii ndege chache nyepesi za Uingereza, aina ya Mosquito, zilitangulia kudondosha alama za moto wa rangi, zikiongozwa na mtambo wa redio ulioitwa Oboe.

Chora mwenyewe jinsi ulivyofanya kazi. Mimi sikuuelewa mpaka niliposhika penseli na bikari. Kituo kimoja Uingereza kilipima umbali wa ndege kwa muda ambao mawimbi yalichukua kwenda na kurudi. Ndege ilifuata tao la duara ambalo kituo ndicho kitovu chake, na tao lenyewe likapita juu ya shabaha. Rubani akipotoka upande mmoja alisikia nukta, upande wa pili vistari. Akiwa njiani sawasawa, mlio mmoja usiokatika. Kituo cha pili ndicho kilichotoa ishara ya kuachia alama au mabomu.

Mchoro huo utakuokoa na hadithi nyingi. Mawimbi yale hayakupinda kufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo ndege ilibidi iruke juu sana, na hata hivyo umbali ulikuwa na mwisho. Ukisoma kwamba Oboe iliongoza mashambulio ya Berlin mwaka 1943, chukua ramani na rula. Ruhr ilifikika, Berlin haikufikika.

Usiamini pia neno la wafanyakazi wa ndege kwamba shabaha ilipigwa. Hawakuwa waongo, kulikuwa giza. Ripoti ya Butt, uchunguzi wa Waingereza wenyewe wa Agosti 1941, ilikagua picha za ndege zenyewe, ikaona kwamba kati ya zilizodai kufika, moja tu kwa kila tatu ilikuwa ndani ya maili tano kutoka kwenye shabaha. Hata Oboe ilipojaribiwa mara ya kwanza vitani, Desemba 1942, huko Lutterade nchini Uholanzi, wakaguzi walishindwa kutofautisha mashimo yake na ya zamani. Yale ya zamani yalitokana na mabomu ya Oktoba yaliyokusudiwa Aachen, yakawaangukia Waholanzi. Kwa hiyo tafuta kumbukumbu za mji uliopigwa sambamba na za kikosi kilichopiga.

Daftari za vikosi zimehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza, Kew, London, katika mfululizo wa AIR 27, na nyingi unaweza kuzipakua. Zisome polepole. Kila ndege ina mstari wake: majina ya wafanyakazi, saa ya kuruka, saa ya kutua. Mara ya kwanza nilipokuta majina saba, saa ya kuruka, na nafasi ya kutua ikiwa tupu, nilifunga kompyuta. Siku ile sikusoma tena.