Dai la ajali ya lori: kwa wanaoanza kazi hii Unguja na Pemba

Gari ya mchanga ikishaachiwa kituoni ikarudi kwa tajiri wake, sehemu kubwa ya dai la majeruhi huondoka nayo. Breki zitatengenezwa, matairi yatabadilishwa, bodi itanyooshwa na kupakwa rangi, na baada ya miezi kadhaa mtakuwa mnabishana mahkamani juu ya gari ambayo haipo tena kama ilivyokuwa. Kwa hiyo ukiwa msaidizi wa sheria wa shehia, au kijana uliyeingia karibuni kwenye ofisi ya wakili, usianze na barua ya madai. Anza kwa kujua lori liko wapi leo na nani amelikagua.

Polisi wa usalama barabarani hufungua jalada, huchora ramani ya ajali, na mkaguzi hujaza fomu ya polisi PF 93 kuhusu hali ya chombo. Taarifa ya upelelezi ni PF 90. Majeruhi hupewa PF 3 ya kwenda nayo hospitali. Andika namba ya jalada, jina la kituo na cheo cha mpelelezi siku ile ile. Anayekwenda kuulizia "ile ajali ya juzi" huambiwa njoo kesho mpaka achoke.

PF 93 isome neno kwa neno. Mkaguzi akiandika "breki mbovu" na kuishia hapo, upande wa pili utasema zimeharibika kwa kishindo chenyewe. Unachotaka ni maelezo: gurudumu gani breki zake zilikuwa zimeisha, bomba la upepo limepasuka wapi, na mpasuko wenyewe ukoje. Chuma kilichovunjika siku ile hung'aa. Kilichokuwa na ufa wa zamani huwa na kutu ndani ya mpasuko. Tairi kipara lipigwe picha likiwa bado limefungwa kwenye gari, na picha moja ioneshe tairi pamoja na namba ya gari, vyenginevyo utaulizwa umelitoa wapi. Wakili naye aandike barua mbili bila kuchelewa. Moja kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa, akiomba gari isiachiwe kabla ya mtaalamu wa magari wa upande wa majeruhi kuikagua. Ya pili kwa mwenye gari, akimtaka asiiguse na ahifadhi kumbukumbu za kifaa cha kufuatilia gari kama kimo, kwa sababu vifaa vingi vya namna hiyo hufuta taarifa za zamani kila zinapoingia mpya. Wakikataa, wakili anaweza kuiomba mahkama amri ya kulizuia lori au kulikagua. Barua zenyewe ziwe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ile uliyompa mtu mkononi bila saini huna namna ya kuithibitisha.

Ramani ya ajali nayo ina maradhi yake. Vipimo vianzie kwenye kitu kisichohama: nguzo ya umeme, kalvati, kona ya ukuta. Alama za matairi zipigwe picha pande zote mbili, na futi ya kupimia ilazwe pembeni yake. Wakati wa masika mvua ya usiku mmoja inatosha kuziondoa, na mchanga uliomwagika huzolewa na watu kabla jua halijatua.

Tuje kwenye mzigo, ambao wageni wa kazi hii huupita kama si jambo. Si kila lori lililoanguka limepita kwenye mizani, lakini kila bodi ina vipimo. Chukua tipa yenye bodi ya urefu wa mita 4.5, upana 2.3 na kina 0.9. Ukizidisha unapata karibu mita za ujazo 9.3. Mchanga mkavu una uzito wa tani 1.6 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo hapo pana karibu tani 15. Ukiwa umelowa hufika tani 1.9, na gari ile ile inabeba karibu tani 17.7, mbali na kichuguu kinachopandishwa juu ya bodi. Linganisha na uzito unaoruhusiwa kwenye kadi ya gari. Hesabu hii haichukui nafasi ya mtaalamu. Inakuonesha tu kama kuna haja ya kumlipa.

Halafu tafuta karatasi za mzigo wenyewe. Uchimbaji na usafirishaji wa mchanga Zanzibar una vibali vyake. Kibali na risiti vinaweza kukuonesha tarehe, kiasi na mnunuzi. Kwa kontena lililotoka bandarini Malindi kuna hati za kutolea mzigo na jina la wakala wa forodha. Kontena likidondoka, uliza mara moja kama zile kufuli nne zinazolishikiza kwenye gari, moja kila pembe, zilifungwa, kwani dereva mwenye haraka huondoka na mbili, au hana hata moja na amefunga kamba. Karatasi hizi zina kazi nyengine pia: zinakwambia safari ile ilikuwa kwa faida ya nani.

Maana dereva ni nadra kuwa na cha kulipa. Anayedaiwa kwa maana ya kulipwa ni mwajiri wake, kwa kanuni kwamba tajiri hubeba kosa la mtumishi wake akiwa kazini. Utetezi utakaoukuta mara kwa mara ni huu: "Simjui huyo, gari nilimkabidhi mwengine." Yaani aliyekuwa kwenye usukani ni deiwaka, aliyepewa gari na dereva wa kudumu kwa siku hiyo. Utetezi wa aina hiyo unavunjika kwa vitu vidogo vidogo: ujumbe wa pesa za simu uliotumwa kwa ajili ya mafuta, hesabu ya jioni inapokewa na nani, utingo anayejua deiwaka yule ameshaendesha mara ngapi na tajiri akamuona. Chukua maelezo ya utingo mapema, kabla hajapata kazi kwa tajiri yule yule au hajahamia kisiwa chengine. Tatizo jengine ni gari iliyouzwa kwa karatasi ya mauziano bila kubadilisha jina kwenye usajili. Hapo fungulia kesi aliyemo kwenye kadi pamoja na aliyenunua, wakasukumane wenyewe mbele ya hakimu. Lori lenye namba za bara huongeza kazi, kwani mwenyewe anaweza kuwa Tanga au Dar es Salaam, na hati za kuitwa mahkamani lazima zimfikie huko kwa utaratibu unaokubalika.

Kwa majeruhi, PF 3 ijazwe na daktari aliyemuona kwanza, na kila jeraha liandikwe. Mtu hufika Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee kule Mkoani na mguu uliovunjika, kila mtu anatazama mguu, na maumivu ya kichwa hayaandikwi popote. Miezi sita baadaye anasahau majina ya watoto wake, na bima inauliza hilo limetoka wapi. Akipelekwa Muhimbili, barua ya rufaa, tiketi za boti za mgonjwa na za anayemuuguza, na risiti za dawa ziwekwe kwenye bahasha moja. Hasara maalumu, yaani ile yenye tarakimu, lazima itajwe kwenye madai na ithibitishwe kipengele kwa kipengele. Mahkama ya Rufani imelisema hilo mara nyingi. Fidia ya jumla, ya maumivu na maisha yaliyopungua, ni ya kukadiriwa na mahkama, lakini nayo haikadiriwi hewani. Fundi mwashi asiyeweza tena kupanda jukwaa alete shahidi aliyekuwa akimlipa.

Kwenye kifo, haraka ya mazishi yetu ina gharama yake kisheria. Hakuna anayetaka maiti ichelewe, na familia nyingi hukataa upasuaji wa uchunguzi. Basi angalau daktari aukague mwili kwa nje na aandike sababu ya kifo kabla haujatoka hospitali. Hatari zaidi ni yule aliyeruhusiwa kurudi nyumbani akafa wiki tatu baadaye na kuzikwa na jirani zake bila karatasi yoyote: kuunganisha kifo kile na ajali huwa kazi ngumu mno. Cheti cha kifo hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Mjane atakuwa edani miezi 4 na siku 10. Mfuate nyumbani kwa heshima, au aandike hati ya kumpa ndugu uwezo wa kufuatilia. Muda wa kisheria haumsubiri amalize eda.

Kuna pia ule ujumbe wa tajiri unaofika msibani. Huja na mchele, sukari na bahasha ya ubani, na mzee wa makamo anayezungumza vizuri. Kupokea ubani si kosa. Kosa ni karatasi inayofuata, yenye maneno "tumesamehe na hatutadai chochote", ikatiwa saini na kaka wa marehemu mbele ya sheha. Kaka huyo huenda hana mamlaka juu ya haki za mjane na watoto, lakini karatasi hiyo itakusumbua kesi nzima. Waambie wafiwa mapema: pokeeni, shukuruni, andikeni kiasi, msitie saini.

Bima. Hakiki stika kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, yaani mamlaka inayosimamia bima, usiamini karatasi ya kiooni. Bima ya lazima ni ya watu wengine, na kwa kawaida haimfuniki mwajiriwa wa mwenye gari. Kwa hiyo utingo na wapakiaji waliokuwa kazini wana njia yao, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Namba 15 ya 1986 na marekebisho yake, kupitia Kamisheni ya Kazi. Fomu za mfuko wa fidia wa bara usizilete huku. Abiria aliyepandishwa juu ya mzigo atapingwa na bima kwa nguvu zote, basi kwake huyo mwenye gari ndiye shabaha yako ya kwanza. Kampuni ya bima ipewe notisi ya maandishi kabla ya kufungua kesi. Ikikawia bila sababu, malalamiko yanapokelewa TIRA, ambayo ina ofisi Zanzibar.

Kesi ya jinai dhidi ya dereva, chini ya Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya 2003, ni ya Serikali. Faini inaingia Serikalini, haiingii kwa majeruhi, na familia nyingi hugundua hilo siku ya hukumu. Hata hivyo hudhuria, na omba nakala iliyothibitishwa ya mashtaka na hukumu. Dereva aliyekiri kosa amekurahisishia nusu ya kazi. Usisubiri kesi hiyo iishe ndipo ufungue ya madai. Zanzibar ina sheria yake ya ukomo wa muda, na aliyesoma miaka ya bara akaihesabia hapa anaweza kukuta mlango umeshafungwa. Ikiwa lori ni la Serikali, notisi kwa Mwanasheria Mkuu hutangulia, na siku zake huliwa ndani ya muda huo huo.

Msaidizi wa sheria hamuwakilishi mtu mahkamani. Mpeleke kwa wakili aliyeandikishwa Zanzibar, kwani leseni ya bara peke yake haitoshi. Asiye na uwezo aelekezwe Kituo cha Huduma za Sheria, Unguja au Pemba. Mapatano ya ada yaandikwe: asilimia au kiwango maalumu, nani analipia ada za mahkama na mtaalamu, na inakuwaje kesi ikishindwa.

Bima ikikubali kulipa huleta hati ya kumaliza dai. Isitiwe saini kabla daktari hajasema mgonjwa amefika mwisho wa kupona, maana vyuma vya mguuni huenda vikahitaji kutolewa mwakani na gharama hiyo haitadaiwa tena. Penye watoto wadogo, fedha zao zitengwe kwa majina yao, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ihusishwe kabla hundi haijaandikwa kwa jina la ami yao.