Mwanangu, kabla hamjanunua ng'ombe

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na salamu zako kwa baba nimezifikisha. Huku Kibosho hatujambo, masika imeanza vizuri na majani yapo ya kutosha.

Jumapili uliniambia kwenye simu kwamba mmeshapata kiwanja Usa River na mnafikiria kufuga ng'ombe wawili wa maziwa, ila mwenzako wa kazini amekutisha kuwa ng'ombe watakunyang'anya watoto wako. Ukaniuliza: "Mama, uliwezaje kutulea sisi wanne na ng'ombe pia, na mimi je, nitaweza?" Nikakuomba unipe muda nikuandikie, kwa sababu si jambo la kujibu harakaharaka. Jibu langu ni hili: utaweza. Lakini kabla hamjauliza bei ya mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, kaeni wewe na mumeo mkubaliane kazi ipi ni ya nani, na fedha ya maziwa itaingia mkononi mwa nani. Banda linaweza kungoja. Hilo haliwezi.

Naanza na fedha kwa sababu nimeona nyumba zikigombana kwa ajili yake. Zamani huku mlimani mambo yalikuwa yamegawanyika bila mtu kuyaandika popote. Kahawa ilikuwa ya baba. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye chama cha msingi, na malipo ya KNCU, ule ushirika mkuu wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, yakija yalimfikia yeye. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama. Bibi yako alikamua, akawapa watoto, akauza kidogo sokoni, na hakuna aliyemwuliza fedha imekwenda wapi, maana kila mtu aliiona kwenye chumvi, mafuta ya taa na sare za shule. Halafu mwaka 1989 yakavunjika yale makubaliano ya mataifa yaliyokuwa yakiishikilia bei ya kahawa. Bei ikaporomoka. Miaka iliyofuata wapo waliong'oa mibuni ya babu zao. Maziwa, yaliyokuwa fedha ndogo ya jikoni, katika nyumba nyingi yakawa ndiyo fedha inayotegemewa, na hapo wanaume nao wakaanza kuyatazama. Siwalaumu. Mtu aliyepoteza kahawa alikuwa bado ana ada za kulipa. Lakini mke anayeamka alfajiri kukamua, kisha akasikia malipo yameshachukuliwa na hajui yamefanya nini, ataendelea kukamua mwaka wa kwanza na wa pili, kisha moyo utamtoka. Na ng'ombe ambaye mtunzaji wake ametokwa na moyo utamjua kwa kumwangalia mbavu.

Akina mama wa Nronga, kule Hai, waliona mbali mapema. Mwaka 1988 walianzisha ushirika wao wenyewe wa maziwa, wakawa wanakusanya na kuuza pamoja. Habari zao zilipotufikia huku, tulizizungumza sana tukitoka kanisani.

Mimi na baba yako tuligawana hivi. Maziwa ya asubuhi yaende kituo cha kukusanyia maziwa, yaandikwe kwenye daftari, na malipo ya mwezi yawe ada yenu. Asiyaguse yeye wala nisiyaguse mimi. Maziwa ya jioni yawe yangu: kwanza vikombe vyenu, kisha majirani wanaonunua, na yanayobaki yagandishwe. Ndama dume akiuzwa, fedha ni ya baba, na ndiyo inayonunua pumba, mashudu na mabua. Mgao huo umetufikisha hapa. Wenu unaweza kuwa tofauti kabisa, kwani ninyi wote wawili mna mishahara, lakini uwepo, na muuseme kwa mdomo mkiwa mmekaa.

Sasa kazi. Hapa mwenzako ana ukweli wake. Ng'ombe hajui Jumapili wala hajui msiba. Anataka kukamuliwa asubuhi na jioni kwa saa zilezile. Ukimchelewesha mara kwa mara kiwele kinajaa, maziwa yanapungua, na ugonjwa wa kiwele unapata mlango. Ng'ombe wa kilo 400 anakula majani mabichi kama kilo 40 kwa siku, na maji anayokunywa ni ndoo kwa ndoo. Wawili ni kilo 80. Mtu fulani lazima azikate, azibebe, azikatekate na kuzitia horini, leo na kesho na siku ambayo mtoto ana homa. Huku kwetu mzigo huo wa majani umekaa kichwani mwa mwanamke tangu zamani, tena juu ya kupika, kulea na kulima. Mwanamke wa namna hiyo kweli ng'ombe watamnyang'anya watoto, na mwenzako labda amekulia katika nyumba hiyo.

Kwetu baba yako alichukua majani na maji. Ndiyo maana mlikuwa mnamwona baada ya mavuno akirudi kutoka tambarare juu ya gari la mabua, amejaa vumbi. Wapo wanaume waliomshangaa, na hakuwajibu. Mimi nikachukua kukamua na kila kinachohusu kiwele, kwa sababu mikono yangu ndiyo iliyojua: kuosha, kukausha kwa kitambaa safi, kukamulia matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi kuona kama yana mabonge. Kaka yako alikuwa na samadi ya kupeleka migombani, mdogo wako alikuwa na ndama. Wewe ulipeleka keni kituoni kabla ya shule, na daftari lilikuwa lako. Unakumbuka yule mpokeaji aliyekuwa akitumbukiza laktomita, kile kipimo cha kuona kama maziwa yametiwa maji, kisha anachanganya maziwa kidogo na spiriti kuona kama yataganda? Ulikuwa unasimama pale hujapumua mpaka aseme "mimina". Hukuwahi kuongeza maji hata tone, ingawa watoto wengine walikuwa wanaongeza njiani ili kipimo kitimie baada ya kunywa. Nilikuwa najua, na nilikuwa najivunia wewe.

Sikuwakosa watoto wangu kwa sababu ya ng'ombe, kwa kuwa wengi wao walikuwa nami bandani. Mambo mazito ya dada yako, ya shule na ya ujana, karibu yote niliyasikia paji la uso wangu likiwa limeegemea ubavu wa ng'ombe. Mtoto husema kwa urahisi mzazi akiwa hamtazami usoni. Jioni mezani ningemwuliza asingejibu.

Kilichoniuma nitakuambia pia. Mimi na baba yako hatukuwahi kulala nje ya nyumba pamoja mlipokuwa wadogo. Msiba wa Rombo alikwenda yeye, harusi ya Same nilikwenda mimi. Krismasi, ukoo wote ukiwa umepanda mlimani, mmoja wetu aliondoka kwenye nyama kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo mapema kabisa tafuteni mtu wa kuaminika anayejua kukamua, mmlipe vizuri na kwa wakati. Na mumeo ajifunze kukamua kabla ng'ombe hajafika. Kuna siku utaugua, kuna siku utakuwa umejifungua, na ng'ombe atalia palepale.

Mengine ya kitaalamu utafundishwa. Tengeru kuna chuo cha mifugo, na hapo Usa River mko jirani na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mbegu bila dume, kwa hiyo mbegu haziko mbali nanyi. Ila mbegu haisaidii kitu kama hakuna mtu nyumbani wa kuona ng'ombe yuko kwenye joto, yaani yuko tayari kupandishwa. Joto linarudi kila baada ya siku 21 hivi na halidumu hata siku nzima. Akionekana asubuhi anahimilishwa jioni. Akionekana jioni, kesho asubuhi. Mkiondoka wote alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku, mtapitwa mara ya kwanza, ya pili, na kila kupitwa ni wiki tatu za kulisha ng'ombe bila mimba. Huo ndio wasiwasi wangu mkubwa kwenu, kuliko huo wa watoto.

Jambo jingine ni kumkausha. Miezi miwili kabla ya kuzaa ng'ombe anapumzishwa kukamuliwa. Anakula, na hatoi kitu. Wageni wengi wa ufugaji hukata tamaa hapo, au wanaendelea kukamua mpaka mwisho, na ng'ombe anazaa akiwa amechoka. Msiwahimilishe wote wawili mwezi mmoja, ili mmoja akikauka mwingine awe anatoa. Na ndama akizaliwa, dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ni yake kwanza, ainywe ndani ya saa chache za mwanzo. Usikubali mtu akushawishi kuipunguza.

Kwa watoto wako nakusisitizia mawili. Maziwa yachemshwe kila siku hata kama ng'ombe ni wenu na mnamjua, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu hupita humo. Na ng'ombe akipigwa sindano ya dawa, maziwa yake yasiuzwe wala yasinywewe na mtoto mpaka siku alizotaja mtaalamu ziishe. Wiki hiyo itauma mfukoni. Yamwageni tu. Kupe nao msiwadharau. Huja hata ndani ya mzigo wa majani, na ndigana kali, ugonjwa wanaouleta, haimpi mtu muda wa kufikiri. Kuogesha kuwe na siku yake maalumu.

Baba yako anasema msinunue ng'ombe mnadani. Anataka kukupa mtamba wa ng'ombe wetu Neema, yule mwenye paji jeupe. Ng'ombe wetu wa kwanza tulimpata kwa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, na mtamba wake wa kwanza tulimkabidhi jirani kama tulivyoahidi. Sasa anaona zamu ni yako. Mtamba huyo amehimilishwa Desemba, Mungu akijalia atazaa Septemba, kwa hiyo muda wa kujenga banda na kupanda majani ya tembo mnao. Nimemwomba baba asimtoe mpaka mtuambie majani ni ya nani, kukamua ni kwa nani, na fedha ya asubuhi ni ya nini.

Njooni Jumamosi mlale hapa na watoto. Jumapili asubuhi mumeo atamkamua Neema, nami nitakuwa pembeni yake.

Mama yako