Anzeni na Tarehe

Wadogo zangu mnaoanza kuandika habari za biashara na nishati hapa Kampala, mtaambiwa mfuate pesa. Sawa, ila pesa hulindwa. Tarehe huachwa wazi, hata na wenye cha kuficha. Kila mradi uwe na daftari lake: mkataba ulisainiwa lini, kampuni ilisajiliwa lini, nani kalipwa lini.

Chukueni bomba la mafuta ghafi. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa tarehe 1 Februari 2022, na wakubwa wakikaa mbele ya kamera watawasimulia kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, na jinsi mafuta yetu yanavyohitaji kupashwa moto yasigande njiani. Andikeni, kisha nendeni kwenye mashamba yaliyochukuliwa kupisha bomba. Ukifika kwa mwenye shamba, mwombe akuonyeshe fomu ya tathmini ya fidia yake. Utakuta mihogo, miembe, migomba, kibanda, pengine kaburi, kila kimoja na bei yake, halafu sahihi au dole gumba chini. Tazama tarehe pale. Kisha omba karatasi ya benki ya siku aliyolipwa. Kama kati ya karatasi hizo mbili muda mrefu umepita, uliza bei ya shamba la jirani imepanda kiasi gani, na huyu mtu aliambiwa apande nini na asipande nini alipokuwa akingoja.

Uliza pia ilani ya kuhama aliipata lini. Sheria ya Ardhi inaongeza asilimia 15 juu ya fidia kwa ajili ya usumbufu, na asilimia 30 ikiwa amepewa chini ya miezi sita aondoke. Kwa hiyo tarehe ya ilani ni hela. Wengi hawaijui hiyo, na maofisa hawana haraka ya kuwaeleza.

Kwenye umeme ni vivyo hivyo. Mkataba wa kampuni iitwayo Umeme, ya kusambaza umeme nchini, ulianza 2005 ukaisha Machi 2025, UEDCL, kampuni ya serikali, ikachukua nyaya. Serikali ililipa dola milioni 118, Umeme ikasema inadai zaidi. Msigombane na wasemaji kuhusu hesabu hiyo. Umeme iliuza hisa Kampala na Nairobi, kwa hiyo ripoti zake za mwaka ziko hadharani. Zisomeni kuanzia nyuma, kwenye maelezo ya hesabu, ambako picha za wakurugenzi zimekwisha. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali pia, japo zinachosha kweli.

Mkinyimwa karatasi, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2005: ofisi ina siku 21 za kujibu. Peleka barua mwenyewe, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri watasema hawajawahi kukuona.

Bahasha ya "nauli" baada ya mkutano wa waandishi, iacheni mezani. Najua mshahara ulivyo.

Jina la aliyekupa karatasi lisiingie kwenye daftari wala kwenye simu.

Kabla ya kuchapisha, ipe kampuni siku za kutosha kujibu, kwa maandishi, si Ijumaa jioni. Jibu likija, litumie hata kama linakuharibia aya uliyoipenda. Wasipojibu, chapisha maswali uliyowatumia yalivyo.