Nyumba ya babu Bagamoyo: naweza kuifanya hoteli?

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni mama lishe hapa Bagamoyo kwa miaka 14. Pamoja na kaka zangu wawili nimerithi nyumba ya mawe Mji Mkongwe, na natamani kuifanya hoteli ndogo. Kaka zangu wanasema kazi hiyo ni ya waliosomea. Fundi naye anashauri tuvunje kuta za kati tupate vyumba vipana, kisha tupige plasta ya saruji. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Tafadhali mzuie fundi huyo leo hii. Nyumba hizo zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na upana wa vyumba vyake umefuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, aghalabu chini ya mita 3, hivyo ukivunja ukuta wa kati boriti hukosa pa kuegemea. Saruji nayo huufungia unyevu ukutani, chumvi ikatoka kama unga mweupe, na hatimaye plasta ikabambuka pamoja na vipande vya jiwe. Chumba chembamba chenye kuta nene ndicho atakachokifuata mgeni wako. Kile kipana cha saruji anacho Dar es Salaam.

Kabla ya kugusa chochote, waone watu wa Mambo ya Kale, idara ya serikali inayosimamia majengo ya kihistoria, kwa kuwa majengo kongwe yanalindwa na sheria ya mwaka 1964. Jina la biashara utalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi utaipata TRA, mamlaka ya mapato. Lililo zito zaidi ni mirathi: ikamilisheni, mkaandikiane hisa za kila mmoja kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.

Kuhusu kusomea, mtu aliyekadiria mchele wa wateja kila siku kwa miaka 14 bila kufilisika anaijua hesabu ambayo hoteli nyingi huishindwa. Ila nakusihi uanze na vyumba vitatu tu, bila mkopo mkubwa. Wageni wa Dar es Salaam huja zaidi mwisho wa wiki, na tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo Bagamoyo, huujaza mji kwa siku chache tu. Katikati ya wiki vitanda vitalala vitupu, ilhali rejesho la benki halingoji.

Fedha ya kwanza iende kwenye paa, masika yasije yakakuta linavuja, maana maji yakishaingia kwenye vichwa vya boriti, hata fundi hodari wa chokaa atakuwa amechelewa.