Jibu: Bata wa mbao wa rafiki aliyetangulia

Pole sana kwa msiba. Umeuliza kama uwapake rangi upya wale bata bandia aliowachonga marehemu kwa ajili ya kuwavuta bata mwitu, kabla ya kuwapanga sebuleni. Nakusihi usiwapitishie msasa wala rangi. Alama za kisu chini ya mdomo, rangi iliyobanduka mgongoni pale alipozoea kuwashika, huo ndio mkono wake. Futa vumbi kwa brashi laini, bila maji. Rafu iwe mbali na jua la dirishani, maana hupausha rangi, na mbali na joto kali linalopasua mbao. Kipande cha madini ya risasi kilichowekwa tumboni ili bata asipinduke majini, na kamba ya nanga ya kumzuia asichukuliwe na maji, viache hapo hapo. Kama alitia saini chini, mmoja mlaze kiubavu ionekane.