Muulize Bibi Shamba: Mbolea nimeweka, mbona mahindi ni zambarau?

Shikamoo Bibi Shamba. Nalima mahindi ekari tatu huku Mbozi. Tangu ruzuku ianze nanunua DAP ya kupandia na Urea ya kukuzia, sikosi msimu. Mwaka huu mahindi yamedumaa, majani ya chini yamekuwa zambarau. Bwana shamba anasema udongo una uchachu, nitafute chokaa. Kama shida ni udongo, kwa nini serikali inahimiza mbolea tu? – Baba Neema

Marahaba, Baba Neema. Bwana shamba wako yuko sahihi, ingawa angepima kwanza, maana hata baridi hugeuza miche zambarau. Rangi hiyo ni ya mahindi yanayokosa fosforasi. Utasema umeiweka, maana imo ndani ya DAP. Umeiweka kweli, lakini udongo wa kwenu, uliooshwa na mvua miaka nenda rudi, ukishakuwa na uchachu, aluminiamu na chuma vilivyomo huikamata fosforasi na mzizi hauipati. Tena DAP na Urea zenyewe huongeza uchachu, kidogo kidogo kila msimu.

Swali lako juu ya serikali ni la haki. Ruzuku ilianza msimu wa 2022/23, vita vya Ukraine vilipopaisha bei ya mbolea, na mfuko wa DAP wa kilo 50 ukawekewa Sh 70,000. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ikaruka mwaka huohuo kutoka Sh bilioni 294 hadi 954. Siwezi kuibeza ruzuku ile. Kuna watu walikuwa wameshaamua kupanda mikono mitupu. Lakini mkulima akizoea mfuko hununua mfuko, udongo hauulizi. Wizara imegawa vipima udongo kwenye halmashauri, na 2023 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai, kilimo kisichotegemea kemikali. Mimi ningetaka chokaa na upimaji vipigiwe debe kama mbolea inavyopigiwa. Bwana shamba mwenye kata nzima na pikipiki isiyo na mafuta atapima mashamba mangapi?

Basi usimsubiri. Baada ya kuvuna, chukua ndoo safi ya plastiki, isiwe ile uliyobebea mbolea. Tembea shambani kwa zigizaga, chimba sehemu kumi hadi kumi na tano, kina cha sentimita 20, kila shimo utoe udongo kidogo. Ruka kichuguu, ruka palipochomwa mabua, ruka palipolala ng'ombe. Changanya, ondoa mawe na mizizi, anika kivulini, kisha pima nusu kilo uipeleke kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, au kwa afisa kilimo wa wilaya. Andika jina la shamba kwenye mfuko. Ukishaleta mifuko mitatu isiyo na jina hakuna atakayekusaidia.

pH, yaani kipimo cha uchachu, ikiwa chini ya 5.5, chokaa inakuhusu; namba ikishuka uchachu umezidi. Kiasi chake waulize hao waliopima, usikisie. Ilimie ardhini miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, na usiichanganye na Urea, naitrojeni, chakula cha mmea kilichomo kwenye Urea, itapotelea hewani. Mbolea ya kupandia jaribu Minjingu kutoka Manyara: fosfeti yake, yaani mawe yenye fosforasi, huyeyuka vizuri kwenye udongo mchachu kama wako. Anza na ekari moja, hizo mbili zilime ulivyozoea, ujionee tofauti mwenyewe. Na mabua msimu huu usiyachome.