Ahame Iowa kwa ajili ya besiboli?

SWALI: Mtoto wa kaka yangu anasoma sekondari Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani. Ni mrusha mpira wa besiboli. Anataka kuhamia kwa binamu yake Texas, eti ndiko vyuo vinakotafuta wachezaji. Kaka amenipigia simu anaomba shauri. Nimwambie nini?
Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama, mwambie asiharakishe. Kijana hasemi uongo: Texas, Florida na California kuna joto, watoto hucheza karibu mwaka mzima, na makocha wa vyuo hufika sana. Lakini huko atapangwa foleni na maelfu ya warushaji kama yeye. Marekani nzima, katika wachezaji 100 wa sekondari, wapatao 7 tu hufikia timu za vyuo vya NCAA, yaani shirika la michezo ya vyuo lenye ngazi tatu, na ngazi ya kwanza, iliyo ya juu kabisa, hata 3 hawafiki.

Iowa nafasi ni chache kweli. Ngazi ya kwanza imebaki na University of Iowa peke yake, chuo kikuu kingine, Iowa State, kilifuta timu yake 2001. Ila kuna vyuo vya miaka miwili! Iowa Western, mjini Council Bluffs, ilikuwa bingwa wa taifa wa vyuo hivyo 2010, 2012 na 2014. Wengi huanzia huko, kisha wakaingia chuo kikuu. Tena sekondari za Iowa hucheza kiangazi, vyuo vingi vikiwa vimemaliza msimu, kocha ana nafasi ya kuja kumtazama.

Jambo moja kaka aulize mapema, tafadhali: karo. Vyuo vya ngazi ya tatu havitoi ufadhili wa michezo. Huko alama za darasani ndizo zitakazomsaidia.